Bunduki Isiyotaka Umande

Asubuhi hiyo Mzee Buya alikuja kijiweni, karibu na stendi ya Garsen, amebeba bunduki aliyorithi kwa babu yake, imeviringishwa shuka kama mtoto mchanga. Ni bunduki ya zamani ya kuwindia, ile ya kuvuta bolti kwa mkono kila unapopiga. Cheti anacho. Uwindaji ulipigwa marufuku kabla mama yangu hajazaliwa, kwa hiyo kazi ya bunduki sasa ni kusifiwa. Mimi nilikuwa namimina kahawa. Hersi wa duka la spea, pamoja na Abduba tunayemwita Rada kwa sababu huona mambo kabla hayajatokea, walinawa kwanza ndipo wakaigusa.

— Taratibu, Hersi, akasema Mzee Buya. Pete yako itaukwaruza mti.

— Walahi, mti gani huu? Laini kuliko halwa!

— Mti wa Ulaya. Naupaka samli kila Jumamosi. Nyumbani wanakula ugali mkavu.

— Vuta bolti tusikie, Rada akaomba.

Klak-klak. Wote wakafumba macho.

— Sauti hiyo, Hersi akasema, fundi akiisikia anaacha kazi.

— Fundi? Rada akacheka. Ndovu wa Bura walikuwa wakiisikia wanapanga foleni wenyewe, wakubwa mbele.

— Na simba wa Chewele je? Mzee Buya akadakia. Tangu babu aivute mara moja, ukoo mzima unakula nyasi.

Hapo akafika Mama Valary, anayelima kando ya mto, matope hadi magotini, sauti imekauka.

— Mzee Buya, kiboko ameingia tena kwa mahindi yangu. Nusu ya shamba imelala chini. Nimekesha juu ya dungu nikipiga mayowe mpaka koo limekwisha. Njoo jioni upige risasi moja tu, hewani, arudi mtoni. Akimaliza nusu iliyobaki, wanangu watakula nini?

Mzee Buya akaifunika bunduki haraka, kana kwamba imetukanwa.

— Huko kwenu kuna umande, Mama Valary. Itashika kutu.

— Na moshi wa baruti unachafua ndani, Hersi akaongeza.

— Halafu viboko wa siku hizi hawana adabu, akasema Rada. Bunduki ya heshima hawaielewi.

Mama Valary akawatazama mmoja mmoja.

— Kwani hii bunduki ni ya nini?

Hersi akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Rada, mwenye kuona mbali, akaangalia vidole vyake vya miguu. Mimi niliacha kumimina nisikie jibu, maana nilitaka kweli kulijua.

— Basi inuka, mzee wangu, Mama Valary akasema.

Mzee Buya akainuka, akidhani anapewa mkono. Mama Valary akalichukua debe tupu ambalo mzee alikuwa amelikalia, akaligonga kwa konzi kusikia mlio wake, akashika njia ya shambani.

Mzee Buya akabaki amesimama, bunduki mikononi. Kuilaza chini hawezi. Kuna vumbi.