Mzee Wandera na Wageni wa Varandani

Tarehe 30 Juni, Mzee Cliff Wandera anastaafu baada ya miaka kumi na mitatu katika ofisi yetu ya Kisumu, akipokea na kuchunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya polisi. Alitoka ualimu huko Busia, akaja na tai moja na kicheko kinachosikika hadi kwenye ngazi. Vyote viwili bado anavyo.

Kila mfanyakazi mpya alifundishwa naye jambo moja. Mlalamikaji anayekuja kuondoa malalamiko yake haji peke yake. Huletwa na chifu, pasta na binamu wa askari anayelalamikiwa, wote wakisema mambo yamemalizwa nyumbani. Anatia sahihi, na kwenye ripoti ya mwaka tunaandika kwamba malalamiko yake yamesuluhishwa. Neno hilo ni aibu yetu. Mzee Wandera hakulikubali hata siku moja.

Yeye huwatoa wote nje. Huwaagizia chai na mandazi kwenye benchi la varandani, hufunga mlango, kisha humuuliza mlalamikaji anataka nini. Kuna chifu aliyekula mandazi yetu mengi kuliko mhasibu wetu.

Lorine, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Otonglo, aliletwa hivyo hivyo. Mume wake, Oketch, mvuvi, alipoteza jicho kwa rungu la askari. Waliomleta walisema amesamehe. Mlango ulipofungwa, akasema, "Mzee, hawa ndio wamesamehe. Mimi bado."

Faili likabaki wazi. Huu ni mwaka wa nne. Askari yule alihamishiwa Sondu, na rungu lake mkononi. Hakuna aliyemwita ajibu. Oketch ameacha kuvua. Mwezi uliopita wakubwa walimwomba Mzee afunge mafaili ya zamani ili aache meza safi. Aliwajibu kwamba uchafu hauko mezani kwake.

Faili hilo sasa liko kwa mchunguzi mwenzetu, Bi. Debra Nanyama, na halitafungwa kwa sahihi ya kulazimishwa. Jumatatu Lorine alileta omena ya kumuaga Mzee. Alikuja peke yake.

Asante, Mzee Wandera. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani, na wajukuu wa kucheka nao. Chifu akija, chai yake itakuwa nje.