Kitabu cha Ok Geum-rye na Wiki Aliyoianzisha

Ndugu waombolezaji, majirani wa sokoni, na ninyi wakusanyaji wa vitabu mliojaa hadi kwenye korido, mimi ni Ok Byeong-man, mdogo wake marehemu na mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni, na nimepewa kazi hii kwa sababu katika ukoo wetu nimebaki peke yangu ninayekumbuka tarehe zote, ingawa dada angesema nazikumbuka vibaya.

Marehemu Ok Geum-rye alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 katika kijiji cha Songjeon, nje kidogo ya Jeonju, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Ok Sang-jun, mtengeneza karatasi, na mama Noh Bok-dan. Alianza shule ya msingi mwaka 1948, akaikatiza kwa sababu ya vita, akarudi na kumaliza mwaka 1955, na hapo ndipo masomo yake ya darasani yalipoishia, kwa kuwa karo iliyobaki ilinisomesha mimi, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha kila nilipokosea kuandika neno.

Wakati wa vita baba alikimbia na kitabu kimoja tu kifuani, kitabu cha kale cha kuhifadhi chakula miaka ya njaa, kilichochapwa kwa mbao za kuchongwa, na alikuwa akituambia kwamba mbao zile zilichongwa Songjeon na kwamba nakala yetu ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa kutoka. Ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa na mwaka na jina la kijiji, na mbele yenu nakiri kwamba mwezi Februari 1954, sikukuu ya mwaka mpya, nikiwa na miaka sita, niliung'oa nikaukunja kwa ajili ya mchezo wa kupigiza karatasi chini, nikashindwa, mtoto wa jirani akauchukua, na fimbo alichapwa dada kwa kuwa alisema ni yeye. Baba alifariki tarehe 9 Novemba 1961, na neno lake la mwisho kwa dada lilikuwa, "Geum-rye, watu wajue kilitoka kwetu, usiwaache waseme nilikuwa mwongo."

Mwaka 1963, tarehe 20 Aprili, aliolewa na Pyo Gil-sang, fundi wa mabasi, mtu mpole aliyetutoka mwaka 1997, wakajaliwa watoto wawili, Yeon-suk na Tae-bong, ambao wako hapa, na mwaka 1966 alifungua duka lake la supu ya machipukizi ya soya karibu na soko, akalisimamia miaka hamsini na minane, ambako kila mteja, awe mchukuzi au hakimu, alimwita mama mdogo na kula alichopewa bila kuchagua.

Mwaka 1987 alikipeleka kitabu kwenye maktaba moja kubwa, ambayo ilikuwa na nakala nyingine yenye ukurasa wa mwisho, na baada ya dakika tano akaambiwa chake ni nakala ya baadaye, hakina hata tarehe, wala hakuruhusiwa kuziona zote mbili pamoja. Alirudi nyumbani kwa miguu, amevimba kwa hasira, akaniambia, "Byeong-man, vitabu visipokutana mezani, mwenye cheo ndiye anayesema ukweli," na Oktoba ya mwaka uliofuata akaanzisha Wiki ya Vitabu vya Kale, na watu sita ndani ya duka la supu. Jumatatu walipika gundi ya ngano, Jumanne walisoma mihuri ya wenye vitabu, Jumatano walishona majalada, na Alhamisi, siku iliyopendwa kuliko zote, kila mtu aliweka kitabu chake mezani na wenzake wakakitafutia makosa bila kuoneana haya. Mimi nilimcheka, nikamwambia, "Dada, unawakusanya wazee wa kupiga chafya," naye akanijibu, "Wewe umekagua tiketi maisha yako yote, umeisoma hata moja?"

Kila mwaka aliiandikia maktaba ile akiwaalika waje na nakala yao, akakataliwa mara thelathini na sita, na mwaliko wa thelathini na saba ukakubaliwa. Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, mbele ya watu mia tatu, ukumbini kwa kuwa duka halikututosha tena, Profesa Bang Chi-yeol, aliyeiandikia nakala ile kitabu kizima akiiita ya kwanza, aliiweka kando ya yetu, akasema kwa adabu, "Mama mdogo, tusidanganyane, chako hakina tarehe." Dada akamjibu, "Tarehe ilichongwa kwenye ubao, hata ungechapa miaka hamsini baadaye ingetoka ileile. Hebu niambie, nyumbani unapika?" Profesa akasema hapiki. "Ndiyo maana," akasema dada, akafungua ukurasa wa kumi na moja katika vitabu vyote viwili, akaonyesha mstari mweupe uliokata maandishi. "Huu ni ufa wa ubao. Kwangu umepita safu tatu, kwako umepita saba. Ubao wangu wa kukatia vitunguu ulianza kupasuka pembeni, leo ufa uko katikati, sijawahi kuuona unarudi nyuma."

Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Profesa, nenda ukaoshe vyombo!" na ukumbi ukalipuka kwa kicheko, lakini profesa hakucheka, alizihesabu safu mara mbili kwa kidole, akavua miwani, akainama hadi kiunoni na kusema, "Mama mdogo, chako kilitangulia, na mimi nimefundisha kosa miaka ishirini na miwili." Watu wakasimama, wakapiga makofi hadi madirisha yakatikisika, nami mcheka vitabu nikalia kama mtoto, huku dada akimwambia profesa, "Kaa ule, supu inapoa."

Mwezi Desemba alianza kuugua figo, akalazwa tarehe 11 Januari 2025, na tarehe 28 Februari profesa alimletea orodha mpya ya maktaba, Yeon-suk akamsomea mara tatu maneno haya: "Chapa ya kwanza inayojulikana, Songjeon, nakala ya familia ya Ok." Alifariki Jumamosi tarehe 8 Machi 2025, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka themanini na minne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia malalamiko yake kuhusu chakula, majirani walioendesha duka bila kulifunga hata siku moja, wanachama wa Wiki, na Profesa Bang, aliyeomba mwenyewe awe miongoni mwa watakaobeba jeneza, na ombi lake tumelikubali.

Dada, watu wamejua kilitoka kwetu, na baba hakuwa mwongo. Nina huzuni, lakini fahari yangu ni kubwa kuliko huzuni, na nimeona haya kuificha. Umeshinda, dada yangu, sasa pumzika.