Aliyeingia kwa Mlango wa Jikoni

Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ambaye tunamzika leo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 katika nyumba ya pili kutoka kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Mama yao alichemsha mafuta ya wanyama kiwandani humo, na harufu yake iliingia hadi kwenye mito ya kulalia. Watoto wa mitaa ya mbali waliwazomea njiani: "Watoto wa sabuni, na wananuka!" Mama Mkubwa aliwajibu kwamba sabuni wanayoogea inaanzia kwenye uvundo, wakawaulize mama zao. Hilo alilishikilia maisha yake yote.

Alianza shule mwaka 1968 nyuma ya kiwanda hicho hicho, akamaliza sekondari ya bweni mwaka 1980, akapata digrii ya fizikia mwaka 1984. Baadaye alipewa ufadhili wa kusoma ng'ambo. Alirudi mwaka 1992 akiwa na shahada ya uzamivu na sweta lililotoboka kiwiko. Hakurudi na gari, na Mjomba, mdogo wake wa mwisho, hajamsamehe kwa hilo mpaka leo.

Kuanzia mwaka huo hadi alipostaafu mwaka 2021 alifundisha katika idara ya fizikia ya chuo, kwenye chumba cha chini ya ngazi. Kazi yake ilikuwa mvutano, ule unaoangusha kikombe na kuuzungusha mwezi. Nauandika kama alivyonieleza mimi niliyeacha shule mapema, walimu mnivumilie. Wengi huanza kwa kusema nafasi na wakati vimepinda, na kila kitu kinaufuata mpindo huo. Yeye alisema huo ni mlango wa mbele, una zulia. Yeye alipita mlango wa jikoni. Alianza na nafasi iliyo tambarare kabisa, akaweka ndani yake uga wa kwanta, yaani nguvu iliyotanda kila mahali, yenye chembe isiyo na uzito inayobeba mvuto kutoka kitu hadi kitu. Chembe hiyo haibagui. Chochote chenye nishati inakikamata, hata mwanga, hata chembe wenzake, maana nazo zina nishati. Basi mvutano unauvuta mvutano, na huo nao unavuta, na ukijumlisha yote bila kuacha kitu, unainua kichwa unajikuta sebuleni, kwenye nafasi ile ile iliyopinda. Wanafunzi walimwita Tambarare, kwa kuwa kila somo lake lilianzia hapo.

Lakini jikoni kuna masufuria. Ukihesabu vitu vilivyokaribiana mno, njia hiyo inatema takataka, majibu yasiyo na mwisho. Ukifagia hii inatoka nyingine, nayo inataka ufagio wake. Wenzake idarani waliona kinyaa, wakasema njia imeoza. Yeye alichora mstari ubaoni.

"Mpaka hapa hesabu inasema kweli," aliwaambia. "Chini ya hapa sijui. Mwenye kinyaa atoke nje, lakini asiseme jiko halipo."

Tarehe 17 Desemba 1994 aliolewa na Baba Mkubwa, fundi seremala. Alikuwa amemwagiza meza. Siku ya kuichukua aliweka gololi katikati, ikabingirika hadi ukingoni.

"Fundi, meza yako inavuta."

"Haivuti, mwalimu. Imepinda."

"Umejuaje?"

"Na wewe umejuaje kama inavuta?"

Mama Mkubwa alicheka hadi akakaa chini kwenye maranda. Alisema alikwenda ng'ambo kutafuta mtu wa kubishana naye hivyo, kumbe yuko karakana ya jirani. Meza ile hawakuinyoosha. Walikula chakula juu yake miaka yote, bakuli la mchuzi likiwekewa kijiti chini. Hawakujaliwa mtoto, wakanichukua mimi nikae nao.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka 2015. Machi mwaka jana alitokwa na kidonda kisiginoni, kikapanda mguu. Hapa Mjomba, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, alinitaka niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi, akiwa amezungukwa na ndugu, jamaa na wafanyakazi wenzake.

"Mjomba, hawakuja."

"Nani atapima? Andika. Msiba ni heshima."

"Alinuka, Mjomba. Walikimbia harufu."

"Neno gani hilo la kusoma mbele za watu? Umekosa adabu siku hizi?"

Baba Mkubwa alikuwa anapiga randa mbao za jeneza hili. Hakuinua kichwa. "Aandike mpaka anapojua," alisema, "kisha achore mstari. Mwenyewe alimwomba."

Ni kweli aliniomba. Alisema, "Siku hiyo usinipake manukato. Watanipaka wao."

Basi kidonda kilinuka. Kilinuka hadi kwenye ngazi za mbele, na tulimhamishia chumba cha karibu na jiko ili maji yawe jirani. Mkuu wa idara alikuja mara moja. Alikaa sebuleni akaongea na pazia, akasema idara haijapata mtu wa kuziba pengo lake. Kikombe cha chai alikishika kama aliyeshika mkia wa panya, akakiacha kimejaa. Baada ya wiki alituma pafyumu. Mama Mkubwa aliipulizia mende. Mjomba aliishia getini, gari likiunguruma, akauliza kwa sauti kama tunahitaji kitu.

"Pua!" Mama Mkubwa alimjibu dirishani. "Tuletee pua moja isiyo na makuu."

Wanafunzi wake wawili wa mwisho walikuja kwa mlango wa jikoni, leso zimebanwa puani. Aliwatazama.

"Umeme unakingika," aliwaambia, "kwa sababu una kuvuta na kusukuma, kimoja kinakifuta kingine. Mvutano unavuta tu. Hauna ngao, hata ya leso. Toeni hizo, tuanze na tambarare."

Walizitoa. Wakawa wanarudi kila Alhamisi.

Mimi nilikuwa nadhani ndugu ni kama mvutano. Kumbe ndugu ni umeme. Tangu juzi nawatazama mnavyoanguka kwa kilio na kuinuliwa, na maua haya mliyoleta yananukia mno. Sijui kusema kwa namna nyingine.

Alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 5 Februari 2026, katika chumba hicho cha karibu na jiko. Baba Mkubwa alikuwa anambadilisha bandeji, mama yangu ameshika beseni, wanafunzi wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mmoja wao alikuwa ameacha kipande cha hesabu kwa kuwa ni kidogo sana.

"Kirudishe," Mama Mkubwa alimwambia. "Usiache kitu kwa sababu ni kidogo, wala kwa sababu hukipendi."

Kisha aliomba mto ugeuzwe upande wa baridi. Ulipogeuzwa, alikuwa amekwenda.

Ameacha mume, mdogo wake wa kike ambaye ni mama yangu, mtoto mmoja wa kulea ambaye ni mimi, wanafunzi wawili, na meza yenye mpindo. Ameacha pia mdogo wake wa kiume, Mkuu wa idara, na ndugu na jamaa wote mlio hapa. Nimewajumlisha hata mlioishia getini, kwa kuwa alisema nisiache kitu. Lakini kwamba mlimzunguka, hilo silijui. Hapo nachora mstari.

Alale alivyo, bila manukato.