Benchi la Mbele la Bi Verlene

Wapendwa waombolezaji, marehemu Verlene Duplechain alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 mtaa wa Tremé, New Orleans, mtoto wa kwanza wa Mzee Ovide, fundi plasta, na Bi Clothilde, akasoma shule za hapa hapa, akahitimu ualimu wa elimu maalumu mwaka 1980, akafunga ndoa na marehemu Lucien tarehe 4 Juni 1983, wakajaliwa binti mmoja, Solange.

Alifundisha miaka ishirini na mitano bila doa, hadi kimbunga cha 2005 kilipoufagia mji na shule za umma zikakabidhiwa mashirika binafsi kuziendesha kwa mkataba, naye mwaka 2009 akawa msimamizi wa elimu maalumu katika mtandao wa shule tano, ambao mjumbe wa bodi yake alikuwa mdogo wake Alcide, ndiye huyu anayewasomea.

Hapa familia ilitaka parukwe, lakini marehemu aliandika kwamba pasomwe. Kati ya 2010 na 2013 aliwaita ofisini wazazi saba wa watoto wenye ulemavu, akawamiminia kahawa, akawaambia kwa sauti tamu, "Mpenzi, shule yetu haimfai mwanao," nao wakawahamisha watoto huku wakishukuru, wastani wa alama za mitihani ukapanda, Alcide akapiga makofi kuliko wote, na dada yake alipomlilia kwamba dhamiri inamsuta alimjibu, "Dada, acha hizo, funika kombe mwanaharamu apite." Aibu hiyo ni ya Alcide pia.

Mwaka 2014 marehemu alianza kugonga milango ya wazazi wale saba, na wa kwanza, Bi Roshunda, mama wa Keshara asiyesikia, alimwambia, "Umechelewa, Bi Verlene. Haya ingia, jua litakuua." Kutoka hapo aliikaba bodi koo mpaka shule zote tano zikaajiri kwa pamoja walimu wa lugha ya alama na wataalamu wa usemi, na neno lile, "haimfai," likapigwa marufuku.

Aligundulika kuwa na saratani ya kongosho Oktoba 2022, akafariki tarehe 11 Februari 2023, akiwa ameagiza benchi hili la mbele, ambalo ni la wafiwa, waachiwe wale saba. Alcide alipinga, akauliza watu watatuonaje. Mnaona wenyewe, sisi tumesimama ukutani, familia sita hazikuja, na wamekaa Keshara na mama yake tu, na mwalimu wa lugha ya alama anamfikishia Keshara kila neno la aibu hii.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta masufuria ya maharage na wali, walimu wa shule tano, na zaidi Keshara, kwa kuja.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi wengine bado.