Verna Munn na Barabara Iliyomnyima Njia

Marehemu Verna Munn alizaliwa tarehe 3 Aprili 1947 katika mji mdogo wa Dunmore, New Brunswick, Kanada, mtoto wa tatu wa Mzee Clarence Mersereau na Bi. Ida. Alizaliwa jikoni, kwa sababu barafu iliyofunika mto wakati wa baridi ilikuwa imevunjika na mafuriko yameikata barabara ya kando ya mto, ya kwenda kwa daktari. Ugomvi wake na barabara ile ulianza siku hiyo.

Alisoma Dunmore hadi mwaka 1965. Baadaye akawa dereva wa basi la shule, Dunmore hadi Kilbrae kando ya mto, mpaka alipostaafu mwaka 2008. Kila gari alilopishana nalo alilisalimu kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani. Gari la wizara ya barabara hakulisalimu.

Tarehe 24 Aprili 1971 aliolewa na Alden Munn wa Kilbrae. Barabara ilikuwa chini ya maji, bibi harusi akaletwa kwa trekta, gauni limeloa hadi magotini. "Alden, ukicheka tu, narudi kwa mama!" alisema mlangoni mwa kanisa. Alden alicheka. Walikaa Kilbrae, wakajaliwa watoto wawili.

Miaka yote aliwasumbua wakubwa wainue barabara pale kwenye kona ya chini, inayofurika kila barafu inapovunjika. Mhandisi mmoja alimwambia, "Mwakani, mama, usiwe na wasiwasi." Verna akamjibu, "Huyo mwakani wenu ameshaota mvi, mwanangu. Mleteni basi tumwone!"

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Aliomba jambo moja tu: apitishwe kando ya mto mara ya mwisho, azikwe Dunmore karibu na mama yake. "Niombeeni nife kiangazi," alimwambia binti yake Gail, "la sivyo watanizungusha hata maiti."

Alifariki Jumapili, 22 Januari 2023. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki, na kama ilivyo desturi mwili ukahifadhiwa hadi udongo ulainike. Udongo ukalainika. Barafu nayo ikavunjika, mto ukaimeza kona. Kwa hiyo leo, 6 Mei, jeneza limezungushwa nyuma ya milima kwa saa mbili na nusu, safari ambayo kando ya mto ni ya robo saa. Inaudhi, na familia haifichi. Safari hii Alden hakucheka.

Ameacha mume, Alden, watoto, Gail na Murray, wajukuu watano, na barabara ileile. Wizara imetuma shada la maua na ahadi ya mwakani. Shada tumelipokea.

Verna apumzike kwa amani. Wao wa wizara, hiyo amani hatutawapa.