Bi Mwanakheri na Meza Isiyopita Mlangoni

Ukurasa huu wa jarida letu umekaa kimya tangu Machi ya mwaka jana. Kosa ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekabidhiwa kuuandika, na naomba radhi kwa wasomaji, hasa kwa wenzetu wawili waliostaafu katika kipindi hicho bila kuandikwa hata sentensi moja. Wao nimekwisha kuwaomba msamaha ana kwa ana.

Tarehe 31 Julai 2025 Bi Mwanakheri Jafar, Karani Mkuu wa Shehena, anastaafu baada ya kuitumikia Yadi ya Makasha ya Tandaza, hapa Changamwe, kwa miaka thelathini na mitatu kamili.

Ni mzaliwa wa Mtongwe, na hadi leo anaishi huko. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1992, mwanamke wa pekee kati ya makarani tisa. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa kasha na kuhesabu kila kilichotolewa: magunia, katoni, matairi, marobota ya mitumba. Hesabu yake ilipotofautiana na hati, shehena haikuondoka mpaka sababu ijulikane. Jua la saa nane halikumwondoa mahali pake. Mvua ilimwondoa mara moja tu, nayo ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya kasha.

Watumishi wa zamani wanaukumbuka mkasa wa mchele wa mwaka 2003. Lori lilikuwa limefunikwa turubai na dereva ameshika usukani, Bi Mwanakheri alipolizunguka mara moja na kusema kwamba mali imepungua magunia kumi na manne.

"Mama, una macho ya kuona ndani ya turubai?" dereva akamuuliza.

"Sina. Nina macho ya kuona springi za lori lako hazijalala. Fungua."

Turubai likafunguliwa. Yalikuwa yamepungua magunia kumi na matatu. Bi Mwanakheri alisikitika juma zima kwa lile gunia moja alilokosea.

Alipewa ukarani mkuu mwaka 2014. Jalada lake lina barua moja ya onyo, kwa kukataa kutia sahihi hesabu ambayo hakuifanya yeye. Barua ya kumwomba radhi imeambatanishwa nayo kwa pini moja.

Habari yake haiwezi kukamilika bila kutaja mchezo wa vita. Mwaka 2016 fundi wetu wa umeme, Bonface, alianza kuwafundisha wenzake mchezo huo katika chumba kilicho nyuma ya karakana. Majeshi mawili madogo hupangwa juu ya meza yenye vilima vya sponji na mito ya kitambaa. Kila upande una zamu yake ya kusogea, mwendo hupimwa kwa futikamba, na matokeo ya mapigano huamuliwa kwa dadu. Mlinzi aliponieleza habari za dadu, niliandika na kubandika tangazo la kupiga marufuku kamari, kisha nikaenda kukagua. Sikukuta kamari. Nilikuta watu wazima wanne wamepiga magoti wakibishana iwapo kilima cha sponji kinaweza kuukinga mzinga. Tangazo nikalibandua.

Wanne hao walikuwa Bonface, Kazungu anayeendesha foklifti, Gladys wa ofisi ya hati, na Bi Mwanakheri. Wenzake walitumia askari wa plastiki waliopakwa rangi. Yeye alisema hatapanga sanamu katika umri wake, akajiundia jeshi kwa sili zilizokatwa, zile pini za chuma zinazofungia milango ya makasha. Alizisimamisha mia moja na arobaini na kuzipaka rangi ya kijani.

Katika mwaka wake wa kwanza hakushinda hata mara moja. Hakukubali kutoa amri ya kushambulia kabla hajawahesabu askari wa adui mmoja mmoja, na muda wa mchezo uliisha akiwa bado anahesabu. Ilibidi Gladys anunue saa ya jikoni inayolia kila baada ya dakika tano. Ilipolia mara ya kwanza, Bi Mwanakheri aliiomba ithibitishwe kwa saa ya ukutani.

Mambo yalibadilika alipokabidhiwa mizinga. Kanuni ya mchezo inamtaka mpigaji ataje umbali kwa kukisia kabla ya kupima. Akikosea, kombora linaanguka patupu. Nilikuwapo siku aliposimama mbali na meza, mikono nyuma, akasema, "Inchi ishirini na mbili." Futikamba ikasoma inchi ishirini na mbili.

"Mama, ama ulicheki mapema?" Bonface akalalamika.

"Mwanangu, mimi nimekisia makasha kabla wewe hujahesabu vidole vyako. Ondoa askari wako hao sita."

"Hayo si macho, ni mashine ya forodha," Kazungu akasema, naye alikuwa akicheza upande wa Bi Mwanakheri.

Nilimuuliza baadaye anapendea nini mchezo ule. Alinijibu kwamba ndipo mahali pa pekee anapoweza kukisia bila kutia sahihi.

Mwaka 2019 alifiwa na mumewe, akakaa eda miezi minne na siku kumi. Muda huo wote wenzake hawakucheza. Kila Jumamosi Kazungu aliingia chumbani na brashi ya rangi na kuzipangusa vumbi sili zake, moja moja, bila kuzisogeza. Alipomaliza eda alirudi kazini, na Jumamosi yake ya kwanza alizihesabu. Zilikuwa mia moja na arobaini.

Sasa lipo jambo ambalo halijaamuliwa. Mtumishi anapostaafu hurudisha pasi ya lango, na asiye na pasi haruhusiwi kuingia yadini isipokuwa kwa shughuli rasmi. Meza nayo haiwezi kumfuata Mtongwe. Iliundwa ndani ya chumba kwa mbao za sakafu za makasha, na ni pana kuliko mlango. Kazungu alishauri ikatwe vipande viwili. Bonface alikataa kumsikiliza. Isitoshe, wenzake hupata saa mbili tu kati ya zamu za Jumamosi, wala haziwatoshi kuvuka feri ya Likoni hadi Mtongwe na kurudi. Kwa hiyo wote watatu wameiandikia Kamati ya Usalama kumwombea pasi ya Jumamosi.

Mimi ni katibu wa kamati hiyo, na si haki yangu kuutangulia uamuzi wake. Naeleza tu kwamba kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya kuzuia wizi wa shehena, na kwamba hakuna aliyeuzuia wizi huo kwa miaka mingi kuliko anayeombewa pasi.

Jumamosi iliyopita walicheza hadi king'ora cha zamu, na vita havikuisha. Bi Mwanakheri aliandika amri za zamu yake inayofuata, akazitia katika bahasha, akaifunga na kuiweka katikati ya meza.

"Asifungue mtu," akasema.

"Na kamati ikikataa?" Gladys akauliza.

"Basi hamtajua nilikuwa nataka kufanya nini. Wallahi, hilo peke yake litawakosesha raha."

Gladys alicheka, kisha akatoka nje kwa muda.

Bi Mwanakheri, kwa niaba ya watumishi wote nakushukuru kwa uaminifu wako. Tunakuombea afya njema, nyumba yenye utulivu na asubuhi zisizo na king'ora. Kamati itaketi Alhamisi tarehe 14 Agosti. Uamuzi ukishapitishwa nitakuandikia siku hiyo hiyo, uwe wa kukubali au wa kukataa. Ufunguo wa chumba ninao mimi, na mpaka hapo bahasha yako haitaguswa.

Kaingu Tsofa
Ofisi ya Kumbukumbu