Msimu Mmoja Tena

Bwana asifiwe! Ndugu zangu, amina hiyo imelegea, lakini siwalaumu, hata mimi nusura nibaki kwenye benchi. Ushuhuda wa furaha tupu mtausikia kwa wengine. Wangu una furaha, ila ilifika imechelewa, na aliyeichelewesha ni mimi Deo mnayeniona.

Mimi ni mtoto wa Kanyosha. Mama alitulea kwa jembe, mimi na dada yangu Goreti. Nilipopata nafasi ya kusoma masteri ya takwimu, alishangilia kama nimepewa uwaziri! Takwimu yenyewe hakuijua. Alijua tu kwamba masomo hayo yanaisha kwa siku ya kutetea mémoire, ile kazi ya mwisho, mbele ya majaji, na kwamba siku hiyo mzazi anakaa mbele amependeza, kisha watu wanakunywa na hotuba hazina mwisho. Si mnatujua Warundi? Mama akanunua imvutano, vazi letu la sherehe, rangi ya chungwa. Akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango. Harusini halikwenda, ubatizoni halikwenda. Lilikuwa linangoja siku ya Deo.

Kazi yangu ilikuwa kukadiria mavuno ya maharagwe katika mashamba madogo, shamba la mama likiwamo. Nilipima, nikapiga hesabu, nikaandika. Mwalimu aliyenisimamia akasoma, akasema inatosha, nichukue tarehe.

Hapo ndipo nilipofungwa, ndugu zangu! Katika takwimu, mtu anayekadiria lazima aseme pia anaweza kuwa amekosea kwa kiasi gani. Kiasi changu kilikuwa cha kawaida kabisa, lakini mimi nilikiona ni aibu. Kila nilipofikiria jaji ananiuliza kwa nini kiasi hicho hakishuki, nami sijui, na mama amekaa pale mbele, jasho lilinitoka. Nikamwambia mwalimu anipe msimu mmoja tena nipime upya, makosa yapungue. Msimu ukapita, nikaomba mwingine. Wenzangu walitetea, nikaenda kwenye sherehe zao, nikapiga makofi, kesho yake nikarudi kwenye maharagwe. Hapa kanisani niliwaomba mniombee vizuizi viondoke. Mliomba kwa machozi, Mungu awabariki! Sikuwaambia kwamba kizuizi ni mimi.

Kisha mama akaugua. Alilazwa hospitali, kule Kamenge. Siku moja Goreti akimlisha uji, mama akanigeukia.

"Deo, tarehe yako ni lini?"

"Bado kidogo, Mama. Kuna makosa nataka ipunguke."

"Hiyo makosa itaisha lini?"

"Haiishi, Mama. Inapunguka tu."

Akaniangalia. "Haiishi! Sasa we unangoja nini?"

Goreti alicheka mpaka akamwaga uji. Na mimi nilicheka. Ole wangu, nilicheka! Mungu alikuwa amenijibu kwa kinywa cha mama yangu mzazi, nami juma lililofuata nilikuwa shambani napima. Maharagwe ya msimu ule hayajakauka, mama akatutoka.

Siku ya mazishi nilikwenda kuchukua lile vazi tumvalishe. Goreti akanizuia mlangoni. "Apana. Mama alikataza. Alisema hiyo haiendi ku kaburi, inaenda ku siku yako." Ndugu zangu, nililia kilio ambacho sijui kukieleza. Kumbe alijua hatafika, na hakuniambia.

Baada ya hapo niliacha kila kitu. Nitetee mbele ya nani? Matanga yakaisha, miezi ikapita, mémoire ikakaa chini ya kitanda. Asubuhi moja Goreti akaja, akaliweka vazi mezani.

"Mi nimechoka kuangalia hii nguo. Chukua tarehe, ao nitaivaa ku harusi ya binti ya jirani, na siku tukikutana na Mama atakuuliza we, si mi!"

Alipoondoka nilipiga magoti. Nikasema, "Bwana, naogopa." Neno jingine sikuwa nalo. Sikuona mwanga, sikusikia sauti, na hofu ilikuwa palepale. Lakini niliinuka, nikaenda chuoni, nikaomba tarehe. Mimi! Niliyekuwa sithubutu hata kupita mbele ya ofisi ile! Huyo si Bwana?

Siku ikafika. Na jaji wa kwanza, ndugu zangu, aliuliza swali lilelile nililolikimbia miaka yote. Nikamwambia, "Mheshimiwa, hapo sijui." Akatikisa kichwa kukubali, akaandika kitu, akasema, "Vizuri. Tuendelee."

Tuendelee! Basi! Hilo ndilo lililokuwa likinitia jasho, hilo ndilo nililolilipia kwa misimu ya mama yangu.

Goreti alikuwa amekaa mbele, ndani ya ile rangi ya chungwa. Mama alikuwa mfupi na Goreti ni mrefu, kwa hiyo vazi lilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Akapiga vigelegele kabla majaji hawajasema neno, ikabidi anyamazishwe. Nilipita, namshukuru Mungu. Nawashukuru na ninyi mliolia pamoja nami bila kujua mnalilia nini.

Wewe unayesikia, pengine kuna jambo unaliahirisha mpaka uwe tayari, mpaka kasoro zote ziishe. Haziishi! Mimi nimezisomea, nakwambia haziishi. Mwite Yesu leo, na hofu yako hivyo hivyo, atakupa miguu ya kwenda. Na kama mama yako yu hai, mpeleke akakae mbele. Wangu, nguo yake ilifika.